Mikwaruzo Thelathini na Moja

Watu wanaopanda kilima chetu kuja kuliona boma la Mjerumani, nje kidogo ya mji wa Manyoni, siku hizi wanamuulizia Peniel kwanza. Zamani walikuwa wakiniulizia mimi. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba anayesimulia alikuwa na kijiba cha roho, na kwamba kimemtoka, au kimemtoka kwa sehemu kubwa.

Mimi ni Hezekia. Nimeongoza wageni katika boma hilo tangu mwaka 2004, nilipoipokea kazi kutoka kwa marehemu Mzee Manase. Jembe langu ni mdomo. Nampokea mgeni getini, na kabla hajavuka kizingiti nimeshamletea Mjerumani mwenye masharubu, askari wake, mbwa wake, na punda wa kubeba maji. Wengine walikuwa wakitoka wanafuta machozi, nami nilijisifu kwa machozi hayo.

Peniel ni fundi mwashi, kiziwi, mzaliwa wa Ulemo kule Iramba. Ni mwembamba, mrefu, anatumia mkono wa kushoto, na kucha zake hazijawahi kutakata chokaa tangu nimjue. Alizaliwa anasikia vizuri tu. Alipokuwa na miaka mitano homa kali ikamlaza wiki tatu. Alipoinuka, mama yake, Kristina, alimwita kutoka jikoni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akadhani mtoto amerudi na jeuri ya kudekezwa. Akamchapa kofi. Mama huyo sasa yuko karibu na miaka themanini, na akilikumbuka kofi lile bado analia. Nimemwona kwa macho yangu.

Pale nyumbani wakatunga ishara zao za kuombana maji, kuitana kula na kupeana habari za mbuzi. Za zaidi ya hapo hazikuwepo. Shule ya kijijini alikaa miaka miwili akinakili ubaoni maneno asiyoyajua, na kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri kila mtu akaridhika. Ndipo padre mmoja akamwambia Kristina kwamba mkoa wa jirani kuna shule ya watoto viziwi. Peniel husimulia kwamba alifika pale saa nne asubuhi, na kufikia jioni alikuwa ameshagombana na wenzake wawili, maana kwa mara ya kwanza alikuwa na lugha ya kugombania.

Sasa sikiliza kilichomleta kwetu. Akiwa na miaka kumi na mitatu, shule yao iliwaleta kutembelea boma letu. Mzee Manase aliongea saa nzima na nusu. Mwalimu aliyewasindikiza siku hiyo alikuwa mgeni kazini, ishara alizojua zisingejaa kiganja. Manase alipomaliza, mwalimu aliwageukia wanafunzi akawatafsiria yote hivi: Nyumba hii ni ya zamani. Msiguse.

Basi. Saa nzima na nusu ya midomo inayocheza, halafu nyumba ni ya zamani, msiguse. Peniel alirudi shuleni akiwa na swali moja ambalo hakuna aliyemjibu: jengo lile lilisimamaje miaka yote ile bila saruji? Nadhani ndilo lililomfanya achague uashi. Usione vyaelea, vimeundwa, na yeye alitaka kuwajua waliounda.

Mwaka 2003, kijana wa miaka ishirini, alikuja bomani na kundi la mafundi waliopewa kazi ya kukarabati. Walibandua lipu iliyooza vyumba vitatu, wakapaka mpya viwili, kisha fedha za mradi zikakatika na kila mtu akabeba mwiko wake akaenda. Peniel akajenga nyumba za watu Manyoni, Itigi, hadi Iguguno. Bomani tulimwita tena kila mvua ilipotoboa ukuta. Mimi naye tulielewana kwa kuonyeshana vidole na kuandikiana kwenye simu: mchanga umekwisha, ngazi iko wapi, njoo Jumanne. Miaka yote hiyo nilimwita "yule bubu", nikidhani nimempa jina.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, likaja kundi la viziwi kumi na wanne wa kanisa moja la mjini. Hawakuwa na mkalimani. Nikafanya alichokuwa akifanya kila mtu wa hapa akikutana na kiziwi: nikapaza sauti. Cheka tu. Niliongea polepole kwa kelele mpaka mbuzi wa jirani wakageuka, na wale watu wakanitazama kwa huruma kabisa, mama mmoja akanipa maji ya kunywa.

Peniel alikuwa juu ya jukwaa anaziba ufa wa barazani. Akashuka, akajifuta chokaa kwenye suruali, akainua mikono. Wale watu wakamzunguka. Walikaa saa tatu. Walipapasa mawe, wakapiga magoti kuangalia msingi, wakabishana, wakacheka hadi wakashikana mabega. Mimi nimekaa kwenye ngazi na ile chupa ya maji. Walipoondoka, yule mama alimshika Peniel mikono yote miwili akaing'ang'ania, na niliona jinsi Peniel alivyogeuza uso ukutani.

Tangu siku hiyo viziwi wakawa wanakuja, toka Singida, toka Dodoma. Lakini sheria ya pale ni kwamba asiye na kitambulisho cha mwongozaji haruhusiwi kuingiza kundi peke yake. Kwa hiyo walikuja siku nilipokuwa na nafasi mimi, na mimi, nisiseme uongo tena, nilianza kukosa nafasi. Mara mbili kundi zima liligeuzwa getini. Mara ya pili walikuwa wanafunzi wa shule ile ile aliyosoma Peniel. Nilimwona amesimama katikati ya uwanja akiwatazama wakipanda gari kurudi.

Wiki ile ile akaiandikia barua ofisi inayosimamia boma kuomba kitambulisho. Aliyemsaidia kuipeleka ni Belinda, mkalimani wa lugha ya alama, binti mchangamfu wa Manyoni ambaye wazazi wake wote wawili ni viziwi. Jibu likaja: ofisa atafika, Peniel ataongoza kundi mbele yake, Belinda atatafsiri kwa sauti, na ofisa atalinganisha na maelezo yaliyoidhinishwa. Akifuata maelezo, atapata. Asipofuata, basi. Maelezo yenyewe, kurasa tisa, alipewa wiki mbili kabla akayasome.

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni, maana maelezo hayo niliyaandika mimi.

Lazima nieleze habari ya chumba cha mwisho. Ni kidogo, kina dirisha la upana wa kiganja. Mzee Manase alikuwa akisema tu, "Hapa labda waliweka mahabusu," anapita. Nilipochukua kazi nikaona ukuta wake una mikwaruzo mirefu ya chuma, imepangana. Nikaihesabu: thelathini na moja. Mwezi mzima! Siku hiyo hiyo nikampata mtemi aliyefungwa humo kwa kukataa kutoa watu wa kazi, akahesabu siku zake kwa msumari, na siku ya thelathini na moja mkono ukaanguka. Hakuna aliyenisimulia. Ilinijia tu, ikawa tamu, na kila nilipoirudia ikazidi kunenepa. Ofisi ilipoomba maandishi mwaka 2011, mtemi akaingia ukurasa wa sita, pamoja na msumari wake.

Jioni moja Peniel akanifuata getini na kurasa zile, kidole chake kiko juu ya ukurasa wa sita. Akaandika kwenye simu: "Nani amesema hivi?"

Nikaandika: "Wazee."

Akaandika tena: "Mikwaruzo yangu hii. 2003. Tunakwaruza ukuta, lipu inashika. Pesa ikaisha, lipu haikuja."

Damu ilinipanda. Hasira ya mtu aliyekamatwa ni kali kuliko ya aliyeonewa. Nikaandika: "Usiniharibie kazi. Sema kama ilivyoandikwa, upate kitambulisho chako." Akasoma, akaniinulia mkono, akafumba na kufumbua vidole mara kadhaa kama mdomo wa kuku anayedonoa, akaenda zake. Nilidhani ni tusi. Baadaye Belinda alinieleza kwamba ni jina langu. Viziwi wote wa Manyoni wananiita hivyo, miaka na miaka.

Alipoondoka nikachukua tochi nikaenda kwenye chumba cha mwisho. Nilitaka nimwone ni mwongo. Lakini mtu wa mkono wa kulia akikwaruza ukuta, mstari wake unalala upande mmoja. Wa kushoto unalala upande wa pili. Nilijaribu kwa mkono wangu, nikajaribu kwa mkono wa kushoto. Mistari ile yote ilikubali mkono wa kushoto. Nikazima tochi, nikakaa humo gizani na mtemi wangu.

Siku ya mtihani walikuja wanafunzi ishirini na wawili, wa shule ile ile. Ofisa alikuwa Bi Rukaiya, mama wa makamo, ushungi wake umenyooka na faili lake limenyooka. "Shikamoo mzee," akanisalimu. "Nimekuja kumsikiliza mwenzio." Nikaitikia marahaba kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

Peniel alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Jambo la kwanza alilofanya nusura limtoe roho Bi Rukaiya: aliwaambia watoto waguse.

"Guseni," Belinda akatafsiri. "Wekeni viganja. Sikieni wapi pana baridi na wapi pana joto. Mimi nilipokuwa kama ninyi nililetwa hapa nikaambiwa nyumba hii ni ya zamani, msiguse." Peniel akatikisa kidole mbele ya pua yake, akaiga uso wa yule mwalimu, na watoto wakaangua kicheko.

Nilijifunza siku ile kwamba sikuwahi kujua kazi yangu. Mimi naongea huku nikionyesha. Mgeni anasikia huku anatazama. Kiziwi ana macho mawili tu, na hayawezi kuwa ukutani na mikononi kwa pamoja. Kwa hiyo Peniel huwaacha watazame kwanza mpaka washibe, bila neno. Kisha hukanyaga ubao wa sakafu, mtikisiko unawafikia miguuni, wote wanageuka. Naye haanzi mpaka awe amesimama mahali jua linapoangukia mikono yake. Ndipo husimulia. Kisha huwarudisha ukutani, na safari hii wanaona walichokuwa hawakukiona. Aliwaonyesha mawe ya kona yalivyobanana, na jinsi ya kumjua fundi mvivu wa miaka mia iliyopita. Aliwaonyesha tofali lenye alama za vidole vitano vya mtu aliyelishika kabla halijakauka. Mjerumani mwenye masharubu hakutokea hata mara moja, na hakuna aliyemuulizia. Bi Rukaiya alikuwa akiweka alama kwenye faili, na mara mbili nilimwona akisahau kuweka, akipapasa ukuta.

Tukafika chumba cha mwisho. Watoto walitazama, kisha wakatoka nje kwenye mwanga, maana ndani mikono haisomeki. Peniel akasimama. Nilikuwa namtazama yeye, na yeye akanitazama mimi, mara moja tu, bila ubaya. Alijua ukurasa wa sita unasema nini, alijua pia kitambulisho kiko upande gani. Akainua mikono.

"Chumba hiki sijui kilikuwa cha nini," Belinda akasema kwa niaba yake. "Wengine wanasema mahabusu. Mimi najua ukuta tu. Hii mikwaruzo ni ya kwangu. Niliikwaruza kwa tindo ili lipu mpya ishike. Lipu haikuja."

Bi Rukaiya akaacha kuandika. Akafungua ukurasa wa sita, akausoma, akaurudia. "Hii haimo," akasema. "Tena inapingana kabisa na maelezo. Mwambie, Belinda, siwezi kumpa mtu kitambulisho aje awafundishe watoto anachojisikia yeye." Kisha akanigeukia. "Mzee Hezekia, maelezo haya tuliyachukua kwako. Mtemi huyu uliambiwa na nani?"

Ningeweza kusema wazee. Wazee wenyewe wako makaburini, hakuna wa kunibishia. Peniel angerudi jukwaani kwake, mimi ningerudi getini kwangu, na mtemi angeendelea kuanguka kila siku ya thelathini na moja. Mikono ya Belinda ilikuwa juu, inasubiri neno langu, na watoto wote ishirini na wawili walikuwa wanaitazama mikono ile. Miongoni mwao wamo waliogeuzwa getini kwa sababu yangu. Nimeongea maisha yangu yote na sikumbuki kusubiriwa namna ile.

"Mtemi hayupo," nikasema.

"Hayupo vipi?"

"Nilimtunga mimi, mwanangu. Ni uongo wangu. Fundi anasema kweli, hata mistari yenyewe imelala kwa mkono wa kushoto. Kaangalie."

Belinda akatafsiri. Niliona uongo wangu ukipita mikononi mwa yule binti, wazi, mchana kweupe, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema; yangu ilikuwa na urefu wa miaka ishirini, lakini ilifika.

Msichana mmoja akauliza kwa mikono. Belinda akanipa: "Kwa nini thelathini na moja?"

"Kwa sababu niliihesabu ikatimia thelathini na moja, nikaona ni kama siku za mwezi."

Peniel akatikisa kichwa. Akaingia ndani, akaufunga ule mlango ambao siku zote nauacha wazi umegandana na ukuta, akanionyesha palipokuwa pamefichwa. Mikwaruzo mingine kumi na mitano. "Iko arobaini na sita," Belinda akatafsiri, anajizuia kucheka. "Anasema hukuwahi kufunga mlango, babu." Hapo watoto hawakujizuia, na mimi mwenyewe, na uzee wangu na aibu yangu, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Bi Rukaiya hakucheka. "Miaka ishirini, mzee," akasema. "Watoto wangapi wamepita hapa?" Akaingia chumbani peke yake, akakaa humo. Alipotoka, kiganja chake kilikuwa na vumbi la chokaa. Akauchana ukurasa wa sita kutoka kwenye faili, taratibu, akaukunja.

"Fundi amefaulu," akamwambia Belinda. "Na maelezo yote yataandikwa upya. Atasimulia Peniel, utatafsiri wewe, na ataandika huyu mzee, kwa sababu mwandiko anao. Ila kila atakapoandika jambo, ataandika na pale alipolitoa."

Kitambulisho kilikuja baada ya wiki tano. Peniel alikipeleka Ulemo kwanza. Kristina alikishika, akalitazama lile jina la mwanawe na picha yake, kisha akaliweka shavu lake mahali alipomchapa siku ile, shavuni kwa mwanawe, akabaki hivyo. Nilikuwepo, maana nilikwenda kumwomba radhi mama huyo kwa makundi mawili ya mwanawe niliyoyageuza. Alinisamehe kabla sijamaliza, akaniambia nile.

Mwaka huu fedha za ukarabati zimepatikana, na chumba cha mwisho kikapewa lipu yake, baada ya miaka ishirini na zaidi ya kusubiri. Aliyepaka ni Peniel. Nilisimama mlangoni nikiangalia mikwaruzo inavyomezwa mmoja mmoja, na kweli lipu ilishika, kama alivyosema. Alipobakiza mstari mmoja karibu na dirisha akanigeukia, akanipa mwiko. Nikaufunika mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa mbaya, imejaa mabonde, akairudia kwa mkono wake wa kushoto mpaka ikanyooka.

Nikainua kiganja nihisi jinsi ukuta ulivyolainika. Peniel akaudaka mkono wangu hewani, akatikisa kidole mbele ya pua yangu, na uso wake wote unacheka. Belinda hakuwepo siku hiyo, na sikumhitaji. Lipu ilikuwa mbichi bado.